TONE JEKUNDU CHINI YA GARI

Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya wanachama na marafiki wa kikundi, Usoke, katika maadhimisho ya miaka kumi

  

Nimepewa nusu saa, na Katibu ameshanionya nisiizidishe kwa kuwa chakula kipo tayari jikoni. Wenzangu walionitangulia wamezungumza vizuri juu ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Mimi kamati imenitaka nizungumzie jambo ambalo wengine mtasema ni la wanaume wa gereji: giaboksi ya gari inapovuja oili, namna ya kulitambua tatizo hilo hapo hapo nyumbani, na namna ya kulitengeneza pale linapotengenezeka. Nasikia watu wanacheka huko nyuma. Chekeni, lakini mnisikilize.

Kwa nini jambo hili liingie katika sherehe ya kikundi cha kuweka na kukopa? Tulipoanza miaka kumi iliyopita, mikopo yetu ilikuwa ya mbegu, ya mtaji wa dagaa na ya cherehani. Leo wapo wenzetu waliokopa, wakaongeza na fedha zao, wakanunua gari la kubeba abiria na mizigo kati ya hapa, Urambo na Tabora. Ni maendeleo, na tunayashukuru. Lakini mkopo wa gari una wadhamini. Gari likisimama, hesabu ya jioni inasimama. Hesabu ikisimama, rejesho linasimama. Rejesho likisimama, wadhamini wanaanza kutazamwa usoni. Hivyo basi, kinachovuja chini ya gari la mwenzako kinavuja pia kwenye hisa zako. Ndiyo maana nasema somo hili ni la kila mmoja, mwenye gari na asiye nalo.

Sisi watu wa huku ni watu wa safari tangu zamani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyamwezi, na babu zetu walibeba mizigo mabegani. Baadaye ikaja reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kisha yakaja magari na matrekta. Wazee wa Urambo wanaukumbuka Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mashine nyingi za mpango ule zilikuwa zimeshatumika kabla ya kuletwa, na nyingi ziliharibika mapema kwa kukosa vipuri na watu waliofundishwa kuzitunza. Fedha ilikuwapo nyingi, ila matunzo yalikuwa haba. Na sisi magari yetu yanakuja yakiwa yameshatumika, mengi kutoka Japani. Sili zake za mpira zimeshaanza kukauka siku yanaposhuka melini. Huku yanakuta joto, vumbi, na visiki katika njia za kwenda mashamba ya tumbaku. Kuvuja si ajabu. Ajabu ni kuona yanavuja na kunyamaza.

GIABOKSI INAFANYA NINI NA OILI YAKE

Injini inatoa nguvu, giaboksi inazipima na kuzipeleka kwenye magurudumu. Kwa gari la gia za mkono, oili kazi yake ni kulainisha na kupooza meno ya gia. Kwa gari la otomatiki oili ina kazi kubwa zaidi: inalainisha, inapooza, tena ndiyo inayosukuma na kuzishika gia zenyewe. Mle ndani ipo pampu inayozungushwa na injini, na presha ya oili ndiyo mkono unaobadilisha gia. Oili ikipungua, mkono huo unalegea. Gia inateleza, inachoma bamba zake, na gari linakufa njiani.

Naomba mlishike jambo moja. Injini iliyochoka inaweza kula oili kidogo kwa kuiunguza. Giaboksi hailli oili kwa namna hiyo. Ikipungua, imetoka, na ilikotoka pana tundu. Kwa hiyo dereva akikuambia, "Mama, giaboksi huwa inakula oili kidogo, ongeza tu," mwambie kwa upole twende tukaangalie chini.

HATUA YA KWANZA: JUA NI KITU GANI KINACHODONDOKA

Jioni gari likilala, chukua boksi la sabuni, lifungue lilale bapa, uliweke uvunguni kuanzia injini mpaka katikati ya gari. Weka alama upande wa mbele. Asubuhi kabla gari halijaondoka, litoe ulisome.

Doa jekundu, la mafuta, linaloteleza kati ya vidole: mara nyingi ni oili ya giaboksi ya otomatiki, ile inayoandikwa ATF kwenye kopo. Ikiwa imekaa sana inakuwa ya kahawia. Magari mengi hutumia oili nyekundu ya aina hiyo hiyo kwenye usukani wa pawa, basi angalia pia kikopo cha usukani kama kimepungua.

Doa zito la rangi ya asali, lenye harufu kali kama ya kiberiti: hiyo ni oili ya gia za mkono au ya difu.

Doa jeusi au la kahawia iliyoiva: aghalabu ni oili ya injini.

Doa jekundu, la waridi au la kijani, lakini jepesi kama maji: ni maji ya rejeta. Hapa wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu Toyota nyingi zinatumia maji ya rejeta yenye rangi nyekundu au ya waridi. Tumia vidole, usitumie macho peke yake. Mafuta yanateleza na yanabaki, maji yanakauka.

Maji matupu yasiyo na rangi wala harufu: ni ya kiyoyozi, hayana neno.

Doa jepesi linaloteleza karibu na gurudumu, huku kikopo cha breki kikipungua: hilo usilifanyie mjadala, gari lisitoke. Hiyo ni breki.

HATUA YA PILI: TAFUTA LINAPOTOKA

Tone linapoangukia sipo linapotokea. Oili inatiririka kwenye chuma, na gari likitembea upepo unaipeleka nyuma. Kwa hiyo tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyoloa. Hapo ndipo penye chanzo, au karibu na hapo.

Lakini kwanza, jamani, usalama. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuegemea. Tumia stendi za chuma, au lipeleke gari kwenye shimo la gereji. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi, na breki ya mkono ivutwe. Matofali na mawe yanapasuka bila kuaga. Tena ngoja gari lipoe, maana oili ya giaboksi iliyotoka safarini inaunguza kama uji wa moto.

Chini kukiwa na matope na mafuta ya miaka, hutaona kitu. Osha kwa maji ya sabuni na brashi, uache pakauke. Kisha nyunyizia poda ya mtoto pale unapopashuku, gari lizunguke kama dakika ishirini, ulitazame tena. Oili inapotoka itachora mstari kwenye poda, kama mchwa anavyochora njia yake ukutani.

Angalia mahali hapa, mmoja baada ya mwingine.

Nati ya kumwagia oili na kiringi chake cha kuzibia, ambacho mafundi hukiita washa.

Sampo ya giaboksi, lile bakuli la bati lililo chini, na gasketi yake pembeni. Likigongwa na kisiki linapinda na gasketi haikai tena.

Mipira na mabomba ya kupoozea oili. Kwa otomatiki, oili inatoka kwenye giaboksi, inakwenda kwenye rejeta kupoa, inarudi. Mipira hiyo inapasuka kwenye kona, na klipu zake zinalegea.

Sili za shafti. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama IST, lina giaboksi iliyolala pembeni ya injini, na sili zipo pale shafti mbili zinapoingia. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace, giaboksi yake iko chini ya sakafu, na sili ya kuangalia ipo nyuma, inapoingia propela shafti.

Pale injini inapokutana na giaboksi. Oili ikidondoka katikati hapo, huenda ni sili ya mbele, ya ndani. Hiyo ni kazi kubwa.

Na kitundu cha kupumulia, kilicho juu ya giaboksi. Masika matope yanakiziba. Giaboksi ikipata moto presha inakosa pa kutokea, inasukuma oili kupita kwenye sili ambayo haina ubaya wowote. Watu wamebadili sili mara mbili na tatu, kumbe ni tope tu.

HATUA YA TATU: PIMA KILICHOBAKI

Otomatiki nyingi za Toyota za miaka ya nyuma zina stiki ya kupimia. Gari lisimame mahali tambarare, likiwa limeshatembea na kupata moto. Acha injini ikiunguruma, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudi kwenye P. Vuta stiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe, ivute tena, usome kwenye alama za moto. Baadhi ya magari, kama Honda nyingi, hupimwa injini ikiwa imezimwa. Na magari mengine ya karibuni hayana stiki kabisa, hayo yanapimwa na fundi mwenye vifaa. Fuata kitabu cha gari lako.

Usiishie kusoma kiwango. Tazama rangi na unuse. Nyekundu safi ni njema. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake bamba za ndani zimeanza kuchomeka. Ikiwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Zima, gari lisitembee hata hatua moja.

Gia za mkono nyingi hazina stiki. Kuna nati ya kujazia ubavuni, na kwa magari mengi oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa tundu hilo. Kanuni ya dhahabu: fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikagoma, utabaki na giaboksi tupu na gari lisilokwenda popote.

HATUA YA NNE: NINI CHA KUFANYA

Mimi nayagawa matengenezo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni lako mwenyewe nyumbani. Kubana klipu iliyolegea. Kusafisha kitundu cha kupumulia. Kubadili kiringi cha nati ya kumwagia. Kubana nati za sampo zilizolegea, lakini kwa mkono mwepesi na kwa kupokezana huku na huku, usimalize upande mmoja kwanza. Nati zile ni ndogo. Ukizikaza kama za gurudumu zinakatika, au bati linapinda na uvujaji unazidi. Na kuongeza oili: robo lita, pima, robo lita, pima. Ikizidi inatoa povu, na povu halishiki gia.

Fungu la pili ni lako pamoja na fundi, naye afanye wewe ukiwapo. Kubadili mpira wa kupoozea, na uwe mpira wa kustahimili oili ya moto. Mpira wa maji au kipande cha tyubu ya baiskeli hakifai. Kubadili gasketi ya sampo. Kubadili sili za shafti. Sampo ikifunguliwa, tazama sumaku zilizo ndani: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma ni habari mbaya. Na kilichotoka kipimwe kwenye chupa, kirudi kiasi hicho hicho, ukiongeza na kile kilichokuwa kimeshapungua. Otomatiki ikimwagwa kwenye sampo haitoki yote, nyingine inabaki ndani, hivyo usijaze kwa kufuata jumla iliyoandikwa kitabuni.

Fungu la tatu ni la fundi wa giaboksi peke yake. Sili ya mbele, maana giaboksi lazima ishuke. Maji kwenye oili. Gia inayoteleza na harufu ya kuungua. Hapo kazi yako ni kulizuia gari lisitembee na kuuliza maswali.

Kuhusu aina ya oili: soma maandishi kwenye stiki au kitabuni. Toyota za zamani kidogo nyingi hutaka ATF T-IV, za baadaye ATF WS, na giaboksi za aina ya CVT zina oili yake kabisa. Oili ya injini kwenye otomatiki ni sumu. Dawa za kuziba uvujaji, zinazouzwa kwenye vikopo, huvimbisha sili kwa muda tu, na gasketi iliyopasuka haiponi kwa dawa.

Tena hili la kuvuta gari. Otomatiki iliyokufa usiivute kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Injini imezimwa, pampu haizunguki, gia zinazunguka kavu. Ulikuwa na ugonjwa mmoja, utafika nayo ina miwili. Inyanyuliwe upande huo, au ibebwe.

Oili chafu usiimwage karibu na kisima wala mferejini. Iweke kwenye dumu, ipelekwe gereji wanakokusanya.

MAGARI MAWILI

Wanachama wawili wameniruhusu niyaseme haya bila kutaja majina. Wa kwanza aliona doa uani. Dereva akamwambia ni maji ya kiyoyozi. Mama akaweka boksi, asubuhi likawa jekundu, na linateleza. Akamwita fundi, wakafuata mstari mpaka kwenye mpira wa rejeta: klipu imelegea. Klipu ile ilikuwa ya bei ya mayai machache. Akaongeza oili, na siku ile ile gari likabeba abiria.

Wa pili aliambiwa "haina shida, mama," naye akaamini, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuuliza. Wiki zikapita. Ukiweka D gari linachelewa kuondoka. Kisha injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Siku moja likasimama kabisa katikati ya pori. Giaboksi nyingine iliyotumika ni bei ya ng'ombe, tena wakati mwingine si mmoja. Marejesho yakakwama miezi, na wadhamini wake watatu, ambao hata kupanda gari lile ilikuwa nadra, wakalipa kwa hisa zao. Urafiki ulibaki, tunashukuru, lakini ulipitia njia nyembamba. Tofauti ya mama hawa wawili haikuwa elimu ya ufundi. Ilikuwa ni boksi la sabuni na swali moja.

Kwa hiyo akina mama, dereva ana heshima yake na fundi ana heshima yake. Siwafundishi kuwadharau. Nawafundisha kwamba mwenye mali ana haki ya kuinama na kuangalia. Dereva anakuletea hesabu yake jioni, gari linakuletea ya kwake asubuhi uvunguni. Zisomwe zote mbili.

MAPENDEKEZO KWA KIKUNDI

Naomba kamati iyatafakari mambo matatu tunapoingia mwaka wa kumi na moja.

La kwanza, kila gari lililonunuliwa kwa mkopo wa kikundi liwekewe boksi mara moja kwa wiki, na kiwango cha oili kipimwe mara moja kwa mwezi. Yaandikwe kwenye daftari lenye tarehe, kilomita, na kilichoonekana.

La pili, wadhamini waruhusiwe kuliona daftari hilo. Anayeweka hisa zake dhamana anastahili kujua hali ya kile anachokidhamini. Sanduku letu lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu. Gari nalo lisiwe na jicho moja tu.

La tatu, mwenye gari atenge kidogo katika hesabu ya kila siku kwa ajili ya matengenezo, ili klipu, gasketi na oili visisubiri mkopo mwingine. Na stendi mbili za chuma tuzinunue kwa pamoja, zikae kwa Mweka Hazina, kila mwenye kuhitaji aazime.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumekuwa tukiambiana hapa kwa miaka kumi kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ila tukumbuke na upande wake wa pili: haba na haba humaliza kibaba pia. Tone moja usiku, tone jingine usiku, na mtaji wa mwaka mzima umelala mchangani.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha na harufu ya pilau imeshafika hapa. Mwenye gari hapo nje, baada ya chakula tukutane kwenye mwembe. Nimekuja na boksi tatu na poda, tutaanza na gari lolote litakalojitolea.